Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: mnara wa saa wa Beit al-Ajaib na maji ya Seyyid Barghash

Kila ninapotaja Forodhani mbele za watu narudishiwa maswali yaleyale, ya mnara, ya saa, ya maji ya mfereji, ya siku jumba lilipoanguka. Nimeona niyaandike yote pamoja hapa. Yana namba, na pale jibu moja linapogusa jingine nimekuelekeza namba ya kwenda, kwa hiyo sirudii.

## Mambo ya mwanzo

1. Mnara wa saa wa Zanzibar ni upi hasa?

Ni ule uliokuwa umesimama kwenye uso wa Beit al-Ajaib, yani Jumba la Maajabu, Mji Mkongwe, Unguja, unaangalia bahari moja kwa moja. Ukisimama Forodhani na mgongo wako baharini, kulia kwako unaona Ngome Kongwe, mbele yako ndo Jumba la Maajabu lenyewe, na ukisogea kushoto unakuta jumba la kifalme ambalo wengi tunaliita Palesi. Usiuchanganye na mnara wa saa wa Arusha wala ule wa Dar, ile ni minara ya njia panda imesimama peke yake barabarani, huu wa kwetu ulikuwa sehemu ya jumba.

Nasema "ulikuwa" kwa sababu ulianguka, nenda swali la 13.

2. Nani alijenga jumba lenyewe na lini?

Seyyid Barghash bin Said, Sultani wa Zanzibar aliyetawala kuanzia 1870 mpaka 1888. Jumba lilijengwa mwaka 1883. Halikuwa nyumba ya kulala, lilikuwa jumba la shughuli za dola, mapokezi, sherehe, wageni wa kutoka nje. Inaelezwa kuwa mahali pale palikuwa na jumba la zamani zaidi la Malkia Fatuma wa karne ya 17, kwa hiyo kiwanja chenyewe ni cha kifalme kabla hata ya Wabusaidi, ukoo wa Barghash.

3. Kwa nini "maajabu"? Kulikuwa na ajabu gani?

Kwa mtu wa wakati ule ajabu zilikuwa nyingi. Ndilo jengo la kwanza Zanzibar kuwaka taa za umeme, na linatajwa kuwa la kwanza Afrika Mashariki kuwa na lifti. Lilikuwa refu kuliko kila kitu kilichokuwepo mjini, limezungukwa na baraza pana kila ghorofa, na baraza zile zimebebwa na nguzo za chuma zilizoletwa kwa meli. Milango ya ndani ilichongwa na kuandikwa aya za Qurani kwa rangi ya dhahabu.

Lakini mimi nikiulizwa ajabu kubwa nasema upana wa vyumba. Nyumba zetu za kawaida za Mji Mkongwe vyumba ni virefu na vyembamba, na sababu yake ni boriti: mti wa mkoko ukiukata unakupa nguzo nzuri ya urefu wa mita mbili na nusu, tatu hivi, basi ukuta na ukuta haviwezi kupishana zaidi ya hapo, ukitaka chumba kikubwa unarefusha tu lakini huwezi kutanua. Barghash akaleta mihimili ya chuma. Ghafla mtu anaingia ukumbini anakuta dari iko juu kabisa na upana ambao hajawahi kuuona chini ya paa lolote mjini. Nilipelekwa pale na shule nikiwa mdogo, ninachokumbuka ni ngazi, kwamba ukipanda unahisi jumba limetengenezwa kwa ajili ya watu wakubwa kuliko sisi, na upepo wa barazani unapiga mpaka daftari linafunguka lenyewe mkononi.

4. Je, mnara wa saa ulikuwepo tangu 1883?

Hapana, na hapa ndo wengi wanakosea, hata waongozaji wageni wengine. Hapo mwanzo mnara ulikuwa mbali na jumba, umesimama mbele yake upande wa bahari, ni mnara wa taa ya meli uliokuwa na saa. Ukitazama picha za kabla ya 1896 utauona umesimama peke yake, na jumba nyuma yake halina mnara kabisa, limekaa kama sanduku.

Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zilipiga mizinga majumba ya Sultani (swali la 12). Mnara ule ukaharibika vibaya, na jumba la jirani, Beit al-Hukm, likateketea. Beit al-Ajaib yenyewe ilipata majeraha madogo tu. Ilipofika 1897 wakati wa kutengeneza ndo wakajenga mnara mpya, safari hii wakauingiza kwenye uso wa jumba. Kwa hiyo ukipewa picha ya zamani na hujui ni ya mwaka gani, angalia mnara uko wapi: ukiwa mbele umesimama peke yake ni kabla ya vita, ukiwa juu ya jumba ni baada.

## Maji

5. Sasa maji yanaingiaje kwenye habari za saa?

Yanaingia kwa sababu ni kazi ya mkono mmoja na miaka ileile. Barghash ndiye aliyeleta maji ya mabomba mjini, kutoka chemchemi zilizoko kaskazini ya mji mpaka ndani ya mitaa. Watu wanapenda kumkumbuka kwa jumba maana jumba linaonekana kwenye kadi za posta, lakini mimi nikimsoma naona mtu aliyetaka mji wake uwe na vitu viwili ambavyo tajiri na maskini watavitumia sawa: maji masafi na saa moja ya pamoja. Jumba alijenga kwa ajili ya heshima ya kiti chake. Maji na saa vilikuwa vya mtaa.

Na kwa mtu wa Unguja hata majina yanakaa pamoja. Tuna mtaa unaitwa Saateni, yani penye saa, na ukimuuliza mtu Saateni kuna nini anakwambia matangi ya maji.

6. Kabla ya hapo watu walikuwa wanakunywa nini?

Visima. Visima vifupi, vimechimbwa ndani ya mji uliobanana, karibu na vyoo, karibu na makaburi, na ardhi yetu ni ya matumbawe ina matundu matundu, kinachomwagwa hapa kinatokea pale. Meli zilikuwa zinachota Mtoni, kaskazini ya mji, na wenye uwezo walikuwa wanaletewa maji kutoka nje ya mji kwa vichwa vya watu, na vichwa vyenyewe kwa sehemu kubwa vilikuwa vya watumwa, lazima tuseme hivyo.

Livingstone alipopita 1866 alilalamika sana kwa harufu ya mji. Halafu mwaka 1869 mpaka 1870 kikaja kipindupindu kikaua watu kwa maelfu. Barghash alikabidhiwa kiti Oktoba 1870, mji ukiwa bado unazika. Af mwaka 1872 kikaja kimbunga kikang'oa mikarafuu Unguja nzima na kuvunja merikebu bandarini. Ukiijua hiyo miaka mitatu ndo unaelewa kwa nini mfalme huyu alikuwa na haraka.

7. Wazo la mabomba alilitoa wapi?

Aliishi Bombay. Mwaka 1859 alijaribu kumpindua kaka yake Seyyid Majid, akashindwa, akapelekwa uhamishoni India karibu miaka miwili. Ilitokea kwamba 1860, miaka ileile yeye yuko kule, Bombay ikaanza kupata maji ya bomba kutoka bwawa la Vihar. Hajaacha daftari linalosema "nimeyaona mabomba nikataka na sisi", lakini kijana wa kifalme anakaa kwenye mji ambao maji yanatoka ukutani, kisha anarudi nyumbani kwenye visima vya matope na maiti, mimi sihitaji daftari. Baadae 1875 akaenda na Uingereza akaona mengine.

8. Maji yalifikaje mjini bila pampu ya umeme?

Kwa mteremko. Maji ya chemchemi yakiwa juu kuliko mji, huna haja ya kuyasukuma, unachotakiwa ni kuyapa njia ambayo haipandi juu ya kimo cha chanzo na haivuji. Ndani ya bomba lililofungwa vizuri maji yanaweza hata kushuka bondeni na kupanda tena upande wa pili, mradi mwisho wa bomba uko chini kuliko mwanzo wake. Kazi ngumu iko kwenye viungo, kila bomba linapokutana na jenzake hapo ndo pana hatari, na ndo maana hadi leo fundi wa maji mzuri unamjua kwa viungo vyake.

Tatizo la mteremko ni kwamba mji ukikua ukapanda ghorofa na kusogea sehemu za juu, presha haitoshi tena. Hapo ndo pampu na matangi yanaingia: unayapandisha maji kwenye tangi lililo juu, halafu unayaachia yashuke yenyewe. Hiyo ndo kazi ya matangi kama ya Saateni na Welezo.

9. Hamamni na Maruhubi navyo ni sehemu ya mpango huu wa maji?

Hamamni ndiyo, ni bafu la umma ndani ya Mji Mkongwe, limejengwa kwa amri ya Barghash kwa mtindo wa Kiajemi, na lilifanya kazi mpaka miaka ya 1920 hivi. Mtaa mzima umechukua jina lake. Ukiingia leo hakuna maji, lakini utaona mabirika na sakafu, na dari yenye matundu ya mwanga.

Maruhubi ni jumba lake la nje ya mji, la 1882, liliungua 1899, zimebaki nguzo na mifereji ya maji na mabirika. Na usichanganye na Kidichi, lile bafu ni la baba yake, Seyyid Said, alilomjengea mkewe wa Kiajemi mwaka 1850.

## Saa yenyewe

10. Kwa nini kwetu saa moja ni asubuhi na sio usiku wa manane?

Kwa sababu siku yetu inahesabiwa kwa jua. Jua likizama siku mpya imeanza, ndo maana usiku wa Ijumaa ni ule unaoitangulia Ijumaa. Saa kumi na mbili jioni jua linazama, saa moja usiku ni saa ya kwanza baada ya hapo. Kukicha ni hivohivo, saa kumi na mbili alfajiri jua linachomoza, saa moja asubuhi ni baada ya saa moja ya mchana kupita. Hakuna hesabu inayoeleweka kirahisi kuliko hiyo.

Utaratibu wa zamani wa Kiarabu ulikuwa mkali zaidi: saa inarekebishwa kila siku jua linapozama, isome kumi na mbili palepale. Ulaya huwezi kuishi hivyo maana majira ya joto jua linazama usiku. Sisi tuko digrii sita tu kusini ya ikweta, kwa hiyo mwaka mzima magharibi yetu inacheza kwa karibu nusu saa tu, basi hata usiporekebisha kila siku hukosei sana. Ndo maana desturi ikadumu, kutoka Lamu mpaka Kilwa mpaka bara, na hata anayevaa saa ya mkononi inayoonyesha 7 anakisoma kama saa moja bila kufikiri.

11. Ndani ya mnara wa saa kuna nini? Inaendeshwa na nini?

Saa za minara za wakati ule hazina betri wala umeme. Kuna uzito wa chuma umening'inizwa kwa kamba au waya uliozungushwa kwenye pipa. Uzito unataka kushuka, unazungusha pipa, pipa linazungusha gia. Ukiuachia hivyohivyo utaanguka kwa sekunde chache, kwa hiyo kuna kizuizi: gurudumu la meno, na nanga ndogo inayolishika jino moja, inaliachia, inalishika jingine. Nanga ile inaongozwa na fimbo ndefu yenye kitu kizito chini, inabembea huku na huku. Ule mlio wa tik tak ni jino linaposhikwa.

Kinachohesabu muda ni fimbo, na urefu wake ndo kila kitu. Fimbo ya mita moja kasoro kidogo inachukua sekunde moja kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Ukiirefusha saa inachelewa, ukiifupisha inawahi. Sasa chuma kikipata joto kinarefuka, fimbo ya chuma cha kawaida joto likipanda digrii 10 saa inachelewa kama sekunde 5 kwa siku. Kidogo, lakini kwa mwezi ni dakika mbili na nusu.

Na lazima awepo mtu. Uzito ukifika chini saa imesimama, mpaka mtu apande ngazi akazungushe mkono kuupandisha tena. Apake mafuta. Afute chumvi, maana mnara ulioko mita chache kutoka baharini unakula chumvi mchana na usiku, na chumvi ikikutana na mafuta na vumbi inakuwa kama udongo kwenye meno ya gia. Watu wanauliza kwa nini saa za minara hapa kwetu nyingi zimesimama: mara nyingi chuma ni kizima, aliyekuwa anapanda ngazi alistaafu hakuwekwa mwingine.

12. Ni kweli vita fupi kuliko zote duniani ilianza kwa saa ya mnara huu?

Vita ni kweli. Mnara huu, wa jumbani, haukuwepo (swali la 4).

Ilikuwa hivi. Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki, na Khalid bin Barghash, mtoto wa Barghash mwenyewe, akaingia jumbani akajitangaza. Waingereza hawakumtaka. Wakampa mpaka saa tatu kamili asubuhi ya tarehe 27 awe ametoka. Saa tatu ikafika, hajatoka, na dakika mbili baadae mizinga ikaanza. Dakika kama 38 hivi bendera ikashushwa, wengine wanahesabu 45, inategemea unaanzia wapi na kumalizia wapi. Upande wa jumbani walikufa na kujeruhiwa watu kama 500. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja.

Watu wanaisimulia kama kichekesho cha historia, "vita ya dakika 38", na mimi inanikera. Ni watu 500 ndani ya muda ambao sisi tunasubiria chai ichemke na mkate uive. Khalid alikimbilia kwa balozi wa Ujerumani, akavushwa Dar, Waingereza wakamkamata 1916 wakampeleka uhamishoni, akafia Mombasa 1927. Meli ya Sultani iitwayo Glasgow ilizama palepale bandarini, milingoti yake ikabaki imechomoza majini kwa miaka.

## Kuanguka

13. Jumba lilianguka lini na ilikuwaje?

Tarehe 25 Desemba 2020, mchana. Matengenezo yalikuwa yanaendelea, mafundi wakiwa ndani. Sehemu kubwa ya mbele ikaporomoka pamoja na mnara wa saa. Watu wawili walifariki. Walikuwa kazini, na ningependa kila anayeposti picha ya vumbi lile awataje kabla hajataja nguzo na milango.

14. Hakukuwa na dalili?

Zilikuwepo kwa miaka. Mwaka 2012 kipande cha baraza na paa kilianguka, jumba likaja kufungwa kwa wageni, na makumbusho yaliyokuwemo ndani yakahama. Mwaka 2014 likawekwa kwenye orodha ya kimataifa ya majengo yaliyo hatarini. Yakafuata maporomoko mengine madogo. Kwa hiyo anayesema lilianguka ghafla mimi namwambia, lilikuwa linaanguka miaka minane, siku ile tulimalizia kuliona.

15. Jengo la mawe linaangukaje? Si ndo imara?

Jiwe la kwetu ni tumbawe, lina vishimo kama sponji, linanywa maji. Linashikiliwa na chokaa na udongo. Ukuta wa namna hiyo ukibaki mkavu unakaa karne, ukilowa na kukauka na kulowa tena udongo wa katikati unaoshwa pole pole, nje unaona ukuta mzima, ndani umekuwa gunia la kokoto.

Sasa Beit al-Ajaib ina la ziada, kile chuma kilichoifanya kuwa ajabu (swali la 3). Chuma kikipata maji na chumvi kinashika kutu, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe. Mhimili uliojengewa ndani ya jiwe unavimba, unalipasua jiwe kutoka ndani, ufa ukishatokea maji yanaingia zaidi, kutu inaongezeka. Niliwahi kusimama chini ya nguzo moja ya barazani miaka ya mwisho mwisho kabla halijafungwa, nikagusa, kutu ikabanduka kwa matabaka kama ngozi ya kitunguu, ikaniachia vidole vya rangi ya hudhurungi mpaka nilipofika nyumbani.

Na maji yenyewe yanaanzia juu. Paa likivuja, mfereji wa paa ukiziba kwa majani na vinyesi vya kunguru, mvua ya masika mbili tatu zinatosha kuanza kazi. Inaniuma kwamba mfalme aliyehangaika kuyaleta maji mjini, jumba lake limeliwa na maji ambayo hayakuelekezwa pa kwenda.

16. Mimi nina nyumba ya zamani ya mawe, fundi ananiambia nipige plasta ya simenti itakuwa imara zaidi. Nikubali?

Usikubali. Hili naliongea kwa uchungu kwa sababu lilitukuta. Nyumba ya familia yetu, ukuta wa chini ulikuwa unatoa unyevu, chokaa inabanduka, akaja fundi mmoja akatushauri simenti, tukapiga, ukawa mzuri unang'aa, majirani wakaja kuuangalia. Mwaka wa pili unyevu ukatokea kwenye ghorofa ya juu ambako haujawahi kufika. Mwaka wa tatu ukigonga plasta inalia debe tupu. Tulipoibandua udongo ukamwagika wenyewe, mawe yanatoka kwa mkono, na boriti mbili vichwa vyake vimeoza vilipoingia ukutani.

Maelezo yake ni haya: ukuta wa tumbawe unapumua, maji yanayopanda kutoka ardhini yanatokea kwenye chokaa na kukauka na upepo. Chokaa inabanduka, ndio, hiyo ndo kazi yake, inaumia yenyewe ili jiwe lisiumie, unaipiga upya baada ya miaka kadhaa. Simenti inayafungia maji ndani, na yenyewe hayatulii, yanapanda.

Kwa hiyo: chokaa iliyolowekwa vizuri, wiki kadhaa na zaidi, na mchanga usio na chumvi. Na kabla ya ukuta anza na paa na mifereji ya paa. Na kama nyumba iko ndani ya Mji Mkongwe hupaswi kugusa kitu bila kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, mji wote uko kwenye orodha ya urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000.

## Maswali ya pembeni

17. Kwa nini Oman ndo inatajwa kwenye matengenezo?

Kwa sababu ya nasaba. Seyyid Said, baba yake Barghash, alikuwa mtawala wa Oman aliyehamishia makao yake Zanzibar kutoka Muscat, miaka ya 1830 kuelekea 1840. Alipofariki 1856 dola ikagawanyika, mtoto mmoja akashika Oman, mwingine Zanzibar. Serikali ya Oman ndo iliyogharamia matengenezo yaliyokuwa yanaendelea lilipoanguka. Familia nyingi huku na kule bado zina ndugu pande zote mbili, kwa hiyo si msaada wa mtu baki.

18. Baada ya masultani jumba lilitumika kwa nini?

Kuanzia 1911 Waingereza waliligeuza ofisi za serikali. Baada ya Mapinduzi ya 1964 likawa mikononi mwa chama cha ASP (Afro-Shirazi Party). Miaka ya 2000 likawa makumbusho ya historia na utamaduni wa Zanzibar na pwani ya Waswahili, na hapo katikati ya ukumbi pakawekwa mtepe, ile jahazi ya kushonwa kwa kamba bila msumari hata mmoja. Kwa kizazi changu hilo ndo jumba tunalolikumbuka, la mtepe.

19. Nimesikia chini ya nguzo walizikwa watumwa wakiwa hai. Ni kweli?

Simulizi hii inasemwa kwa majumba mengi ya pwani, sio hili tu, na kwa Beit al-Ajaib ni hadithi ya mdomo isiyo na uthibitisho, mimi siipeleki mbele kama historia. Nasema hivyo bila kuficha lililo la kweli: utajiri uliojenga Zanzibar ile ulitoka kwenye karafuu, pembe na biashara ya watu. Barghash mwenyewe alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa mwaka 1873, chini ya tishio la manowari za Waingereza, na utumwa wenyewe kisheria haukufutwa mpaka 1897, mwaka uleule mnara mpya ulipopanda. Hayo yanatosha kutisha, hayahitaji kuongezewa.

20. Na ile ya tembo kupita mlangoni?

Inasemwa milango ilifanywa mipana ili Sultani apite amepanda tembo. Milango ni mipana kweli. Tembo ni maneno ya vijiweni.

21. Nina picha za zamani za jumba nyumbani, au kipande cha jiwe nilichookota baada ya kuanguka. Nifanye nini?

Picha: usiiache ikakaa kwenye albamu yenye unyevu. Ipige skani kwa ubora mkubwa, mbele na nyuma, nyuma kuna maandishi mara nyingi, na upeleke nakala Nyaraka za Taifa Zanzibar, Kilimani. Picha ya harusi ya shangazi yako imepigwa Forodhani 1962 huku mnara unaonekana nyuma kidogo tu inaweza kuonyesha roshani ilivyokuwa imefungwa, rangi ya mbao, idadi ya vipande vya kioo. Anayejenga upya anahitaji vitu hivyo vidogo kuliko picha za watalii ambazo zote zimepigwa kutoka mahali pamoja.

Jiwe, mbao, au kipande chochote cha chuma: rudisha kwa Mamlaka ya Mji Mkongwe, na uwaambie uliokota wapi, upande wa bahari au upande wa ngome, karibu na nguzo ya ngapi. Pale mlangoni kwangu mpaka mwaka jana palikuwa na kipande cha mbao iliyochongwa, ua moja na nusu ya jani, kiliokotwa na mtoto wa jirani jioni ileile ya Desemba. Tulikifunga kwenye kitambaa kikavu tukakipeleka, na mtoto akaenda nacho mwenyewe kuwaonyesha alipokiokotea.